Kila Asubuhi Naliwasha Gari la Paskali

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua. Nimefagia. Nimeliwasha gari la Paskali. Limewaka mara moja, asante Mungu.

Ndiyo kazi yangu kila siku, maziwa yakishachukuliwa. Napanda kwa ile ngazi yake ya chuma maana liko juu, nakaa, nakanyaga breki, nabonyeza kitufe. Basi. Hakuna kuzungusha ufunguo. Mara ya kwanza niliogopa, nikadhani litaondoka lenyewe liingie kwenye migomba. Sasa nakaa humo kama mke wa waziri, nasali rozari huku linaunguruma. Rozari ikiisha, nazima.

Pikapu kubwa mno, milango minne. Hapa Nangara hakuna jingine kama hilo. Usukani wake uko kushoto, si kulia kama magari ya watu. Lilikuwa la bosi mmoja wa madini, mwanangu alikuwa dereva wake. Bosi alipohama akamwachia kwa bei ya kuagana. Siku analileta ilibidi tubomoe upande mmoja wa ua ndipo lipite. Pengo lile liko wazi mpaka leo.

Halafu akapata kazi ya malori ya kwenda Kongo. Akaniambia, mama, usiache lilale, uwe unaliwasha. Akasema akirudi tutapakia mahindi kule Singe, tutoke nalo shambani tumekaa mbele wote wawili.

Yeye hakusema kila siku. Kila siku ni yangu mwenyewe. Nimefuga ng'ombe tangu usichana, najua usipomkamua leo na kesho maziwa yanakata. Kitu kisichoguswa kinakauka.

Koti lake liko kiti cha nyuma. Lilikuwa linanuka yeye. Sasa linanuka gari.

Pasaka anakuja. Alisema.

Alhamisi, 6 Machi

Taa imewaka. Ya njano. Ina picha kama kibweta chenye vidoti ndani.

Nimezima, nimewasha tena. Ipo. Nimefuta kwa kitambaa. Ipo.

Katika kitabu changu cha taa, nyekundu ni hatari na kijani ni salama. Njano sijui. Mimi niliishia la nne.

Sijamwambia Paskali. Yuko njiani, hapatikani. Daktari wa presha alinionya nisiweke mambo moyoni, ndiyo maana nayaweka hapa. Lakini hili limekataa kutoka moyoni.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya Misa nilimwita Baba Rehema jirani aje aone. Yeye ni mtu wa Kondoa, aliendesha magari ya serikali mpaka akastaafu. Amezunguka gari mara kadhaa, mikono nyuma, kama anayetaka kununua fahali. Amepiga teke tairi. Kisha akasema magari ya siku hizi si magari, ni kompyuta zimevaa matairi. La zamani likigoma ulilipiga nyundo, mnaelewana. Hili ukilipiga nyundo linakushtaki.

Nikacheka ingawa roho iko juu.

Kuhusu taa alisema, "Mama Paskali, hilo halijapata joto la kutosha. Hiyo rozari yako fupi. Ongeza."

Basi nitaongeza. Kuanzia kesho rozari mbili.

Jumatano, 19 Machi

Rozari mbili. Taa ipo.

Dizeli inashuka. Nimemtuma kijana wa bodaboda aniletee ya kwenye dumu. Kuku wameanza kuona gari ni mama yao. Likiungurumishwa wanakuja kulala chini yake, kuna joto.

Mvua kubwa. Ziwa limejaa, wanasema maji yako karibu na barabara. Huko aliko sijui kama kunanyesha.

Jumanne, 25 Machi

Paskali amepiga!

Yuko Kasumbalesa, mpakani, kwenye foleni ya malori. Anasema foleni haina kichwa wala mkia, watu wanapika ubavuni mwa matairi. Nimemuuliza anakula nini, analala wapi, kile kikohozi je, soksi je. Akacheka. "Mama, pumua kwanza."

Akauliza gari. Nikasema ni zima. Nikaona neno halitoshi. Nikatoka mbio na simu mkononi, nikapanda, nikaliwasha, nikaisogeza simu kwenye dashibodi. Liliunguruma. Nikairudisha sikioni. Kimya. Nikadhani imekatika.

Kisha nikamsikia, "Mama, usizime kwanza."

Basi nikakaa. Yeye kule, mimi huku, gari katikati yetu. Hatukusema kitu. Nilimsikia anavyohema. Hata alipokuwa mdogo nilikuwa namsikilizia hivyo gizani, nijue kama homa imeshuka.

Baadaye akasema, polepole, kwamba angekuwa nalo kule angeacha lori. Tunduma mjini kuna mizigo midogo mingi, angelala kwenye kitanda kila siku. Nikajifanya sikusikia. Nikamuuliza tena soksi.

Hapana. Gari liko hapa ndipo atakuja hapa. Likienda huko, huku atafuata nini? Mimi? Mimi namjua mtoto wangu. Ananipenda, lakini kupenda hakumtoi mtu Kongo.

Taa sikumwambia.

Ijumaa, 4 Aprili

Mambo yameharibika.

Baba Rehema alitaka kulisogeza litoke kwenye tope. Halina nguvu. Anakanyaga mafuta mpaka mwisho, linakwenda kama kobe mwenye mimba. Dashibodi imejaa maandishi ya Kizungu na taa nyekundu imekuja kumfuata mwenzake wa njano. Harufu ya moshi mzito. Baba Rehema ameshuka kimya. Yeye kukaa kimya ni habari mbaya.

Akaniitia vijana wa gereji ya karibu na stendi. Wamekuja wawili na mashine ndogo, wakaichomeka chini ya usukani, ikatoa namba. Wakasema kuna chujio kwenye bomba la moshi, limeziba. Dawa ni kulikata na kulitupa, waunge bomba tupu, halafu waidanganye kompyuta isiulize liko wapi.

"Wote wanafanya hivyo, mama. Tunalitoboa, linakuwa poa. Na sauti inakuwa ya kiume."

Halafu wakaanza kunipambia. Waliinue juu zaidi. Waweke shokapu ndefu, matairi mapana, taa za kumulika juu ya paa. Nikawaambia mimi nalipanda kwa ngazi hivi lilivyo, mkiliinua tena mniletee na winchi. Wakacheka, ni watoto wazuri tu.

Nilitaka kukubali. Midomo ilishafunguka. Kisha nikafikiria ile siku ya simu, Paskali alivyokuwa anaisikiliza ile sauti. Wakikata, itakuwa sauti ya gari lingine. Atasikiliza nini?

Nimewaambia waje wiki ijayo. Sijaliwasha tangu asubuhi. Mikono haina kazi.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo amekuja Fundi Bura. Mtu mzima, mkristo mwenzetu, anatengeneza malori. Hakuchomeka kitu kwanza. Aliomba kiti, akakaa, akaniuliza maswali kama daktari.

"Nani analiwasha?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Rozari mbili."

"Halafu linakwenda wapi?"

Nikamwambia haliendi. Linakaa.

Akanitazama. Akatazama gari. Akavua kofia yake akajifuta uso, nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka, lakini si kwa ubaya.

Kisha akanieleza, naye anaeleza vizuri. Magari haya mapya ya dizeli yana chujio linalokamata masizi ya moshi. Masizi yakijaa, gari linayachoma lenyewe, lakini mpaka lipate joto kali, na joto hilo linapatikana barabarani, likikimbia safari ndefu. Likisimama linaunguruma tu, linameza moshi wake. Halipati joto, halichomi. Kila rozari nilikuwa nalilisha masizi. Nalo likawasha taa kuniomba litoke nje, mimi nikaongeza rozari ya pili.

Akafungua mbele akakuta na panya wamejenga kwenye joto langu. Wametafuna nyaya. Akasema magari haya nyaya zake panya wanazipenda, na wengi wenye nayo wanalia hivyo hivyo. Akainusa dizeli ya dumu akakunja uso. Nozeli zake za kupuliza mafuta hazitaki uchafu hata punje, akasema. Ni gari lenye nguvu za trekta na tumbo la mtoto mchanga.

Nikauliza ni nani ameliua. Akasema halijafa. Sikuuliza hivyo. Niliuliza ni nani.

Ni mimi. Kwa mikono yangu hii. Ningelikaa bila kulijali lingekuwa na nafuu.

Nimelia kwenye zizi, ng'ombe wakinitazama.

Jumatatu, 14 Aprili

Paskali amepiga. Pasaka haji. Mzigo umechelewa.

Nilijikaza nikamweleza yote. Taa, panya, dumu, rozari. Nilitegemea atanigombeza. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Akasema taratibu, "Basi mama, liuze. Linakupa presha. Mimi nitatafuta kagari kadogo huku huku."

Huku huku.

Nikasema sawa baba. Nikasema ule vizuri. Nikakata simu nikakaa chini pale pale kwenye pengo la ua.

Vijana wa gereji wanasema mnunuzi yupo, mtu wa vitunguu. Atakuja kuliona baada ya sikukuu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Njia ya Msalaba. Magoti yameuma. Kila kituo nilitaka kumlilia Bwana, nikajikuta naliombea gari. Anisamehe.

Pasaka, 20 Aprili

Nimechinja jogoo hata hivyo. Nimepika wali mwingi kana kwamba watu watakuja. Baba Rehema na mkewe wamekula, wamesifu. Sahani moja nimeifunika. Jioni nimempa mbwa.

Sijalisogelea gari. Kuku wanazunguka chini yake wanashangaa baridi.

Usiku huu nimewaza jambo moja tu. Haliwezi kuuzwa likiwa gonjwa. Mtu hawezi kumwondoa mtoto nyumbani akiwa na homa. Liponywe kwanza. Hata kama ni la mtu wa vitunguu.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimesafiri.

Fundi Bura alikwisha kuunganisha nyaya na kumwaga ile dizeli chafu. Akalisafisha chujio kidogo kwa mashine yake, kiasi cha gari kupata nguvu ya kutembea. Akasema sasa dawa ni barabara. Akauliza nitampa nani aende naye. Nikasema mimi. Nikavaa kitenge cha Misa.

Sasa, usukani uko kushoto. Mimi abiria nikakaa kulia. Hapa mjini anayekaa kulia ndiye dereva. Tulipopita sokoni watu wakasimama. Mama mmoja wa jumuiya yetu akaangusha beseni la nyanya. "Mama Paskali anaendesha! Jamani, Mama Paskali!" Nikampungia mikono yote miwili kwa heshima, akapiga kelele zaidi. Dereva wa bajaji akapanda ukingo wa barabara kutukimbia. Fundi Bura alicheka mpaka akakohoa.

Nje ya mji trafiki akatusimamisha. Akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Shikamoo mama. Leseni."

Nikamwonyesha viganja. "Marahaba baba. Mimi nina rozari tu."

"Afande, dereva yuko huku," Fundi Bura akasema. Yule kijana akainama, akaona usukani uliko, akaanza kucheka naye, akatuachia.

Tukashika barabara ya Singida. Fundi Bura akalikimbiza. Nilifunga macho mwanzoni. Nilipofungua, mashamba yalikuwa yanarudi nyuma, mahindi yameshika rangi, na mlima Hanang umekaa mbele kama umenisubiri. Likaanza kutoa harufu ya nguo inayoungua. Nikashika mlango. Akasema, usiogope, ndiyo linachoma. Sauti ikabadilika, ikawa nzito, kisha ikawa nyepesi. Nikaitambua. Ile sauti ya siku Paskali analileta, kabla sijaanza kulitunza.

Kwenye mwinuko kabla ya Katesh taa ya njano ikazimika. Nyekundu ilishatangulia. Sikushangilia. Nilitazama pale ilipokuwa, sasa peusi tu.

Tulinunua mahindi ya kuchoma tukala tumekaa kwenye sanduku la nyuma. Barabara inaendelea. Nilimuuliza Fundi Bura inafika wapi. Akasema ukitaka unafika Tunduma, unafika Kongo, hakuna ukuta. Mimi nilikuwa nadhani Paskali yuko mahali. Kumbe yuko barabarani, na barabara ni hii hii inayopita karibu na kwangu.

Nimerudi nimechoka, kichwa kina upepo.

Alhamisi, 24 Aprili

Mtu wa vitunguu amekuja. Ameliona, amelipenda, ameligonga gonga. Nimemwambia haliuzwi. Akauliza mbona aliitwa. Nikamkaribisha chai. Amekunywa amekasirika, amekwenda.

Kisha nikampigia Paskali kabla moyo haujageuka. Nikamwambia gari ni zima, taa hakuna, usilitafutie mwenzake. Nakutumia la kwako. Uache hilo lori ulale kitandani.

Akauliza, "Mama, na wewe?"

Nikamwambia mimi nina ng'ombe.

Nimelitoa jino langu mwenyewe bila ganzi.

Jumanne, 29 Aprili

Limeondoka.

Fundi Bura analipeleka Tunduma kwa Paskali. Ana binti yake ameolewa Mbeya, hajamwona muda mrefu, akasema atakuwa amepata sababu. Tulipakia tangu jana. Gunia la mahindi, maharage, vitunguu saumu, chupa ya samli, perege wakavu wa ziwani wamefungwa vizuri wasilinukishe koti lake. Koti nimelifua. Nilisita, nikalifua. Ndiyo mara ya kwanza gari hili kubeba mzigo tangu liingie uani kwangu. Lilikaa vizuri zaidi na mzigo, halikurukaruka.

Baba Rehema alikuja kumpa Fundi Bura mashauri ya barabara, marefu, yote ya magari ya zamani. Fundi Bura aliitikia kila moja.

Nikapanda mpaka Bonga, nje ya mji. Nilijisemea nitashuka pale kwenye kona, nikashuka. Fundi Bura akanipigia honi moja. Nilisimama mpaka halionekani, kisha mpaka halisikiki. Halafu nikasimama tena kidogo, bila sababu.

Bodaboda akanirudisha. Akauliza, mama, umesindikiza mgeni? Nikasema, ndiyo.

Jumapili, 4 Mei

Kimya uani.

Nimeamka, nimekamua, nimefagia, nikajikuta nimesimama pale lilipokuwa, mguu umeinuka kutafuta ngazi. Nyasi zimebaki za njano, umbo la gari zima. Kuku wamejilaza humo humo. Nikaleta kigoda, nikakaa katikati yao, nikasali rozari. Moja.

Nilikuwa karibu na mwisho simu ikalia. Paskali. Nikamuuliza amekula. Akasema, "Mama, subiri, sikiliza." Nikasikia mlango ukifungwa. Kisha likaunguruma. Halikukaa mahali pamoja, lilikuwa linakwenda, nilisikia upepo na honi za watu wengine na yeye akimjibu mtu, twende, twende, panda.

Nikasema, baba, usizime.

Hakuzima. Sauti ikaenda mpaka mtandao ukakatika wenyewe.

Anasema mavuno atakuja nalo. Sijui. Mwaka jana pia alisema.

Jioni Baba Rehema amepita na miti yake begani na panga, amesema sasa gari limekwenda, tuzibe lile pengo la ua kabla mbuzi wa watu hawajanimaliza mboga. Nimemshukuru sana. Nimempa maziwa ya Rehema.

Lile pengo nimemwambia aliache.